Siku ya Mnada

Leo twaomba mtuvumilie, maana mazungumzo yetu hayaanzii kanisani wala shuleni bali katika uwanja wa mnada.

Jioni moja mama mjane wa mtaa wetu alipiga hodi nyumbani kwetu, mkononi amebeba kitu kilichofungwa katika leso. Tulidhani ni mayai, maana ndivyo ilivyo desturi yake. Alipofungua leso tukaona barua tano, na tatu kati ya hizo hazijafunguliwa. Marehemu mumewe alikuwa ameiweka rehani hati ya shamba ili apate mkopo wa kununua gari la kubebea maziwa. Gari liliharibika, mume akafariki, deni likabaki. Tulimwuliza kwa nini hakuzifungua barua zile. Akajibu kwamba barua isiyofunguliwa bado haijasema neno.

Shamba lenyewe ni ekari mbili na nusu. Lina nyumba ya mabati, zizi la ng'ombe wawili, na makaburi mawili chini ya mparachichi. Tutarudi kwa mama huyo. Kwanza twendeni mbali kidogo, kwa watu ambao hawakupata kumjua.

Katika siku za vita vikuu vya kwanza vya dunia, wakulima wa Marekani walihimizwa kulima kwa wingi, kwa kuwa Ulaya ilikuwa na njaa. Bei ya ngano ilipita dola 2 kwa busheli moja. Benki zilikopesha kwa furaha, na mkulima aliyekuwa na shamba moja akanunua la pili, akaweka rehani lile la kwanza alilorithi kwa baba yake. Nani angekataa? Lakini vita vilikwisha, na kuanzia mwaka 1920 bei zikaanguka. Kisha soko la hisa la New York likaporomoka mwaka 1929, bei zikaanguka mara ya pili, na safari hii hazikuinuka. Kufikia mwaka 1932 busheli ya mahindi, ambayo ni kama kilo 25, ilikuwa ikiuzwa kwa senti 10 au hata chini ya hapo huko Iowa na Nebraska. Walikuwako waliochoma mahindi katika majiko yao wakati wa baridi, kwa sababu makaa ya mawe yalikuwa ghali kuliko mahindi. Hebu wazieni, ndugu mnaotusikiliza kutoka Kitale na Trans Nzoia, mtu anachoma mahindi yake apate moto wa kuota!

Mahindi yalianguka bei, lakini deni halikuanguka. Aliyekopa dola elfu moja wakati wa neema alidaiwa dola elfu moja wakati wa dhiki, na riba juu yake. Basi madalali wakaanza kuingia katika nyua za watu. Ng'ombe, farasi, plau, vyombo, vyote viliandikwa na kunadiwa, na mara nyingi shamba likafuata.

Hapo ndipo majirani walipobuni jambo ambalo watu wa kule waliliita mnada wa senti. Mambo yalikwenda hivi. Siku ya mnada wakulima walikuja kutoka pande zote, mara mia moja, mara mia tano, mara zaidi ya elfu, wakajaza ua. Dalali akamtoa farasi mzuri, akauliza bei. Mmoja akasema senti 10. Dalali akangoja. Hakuna aliyeongeza. Akabembeleza, akaimba zile nyimbo za madalali, akaeleza meno ya farasi na miguu ya farasi, lakini watu walimtazama tu, wamenyamaza. Mwishowe hana budi kugonga nyundo: farasi ameuzwa kwa senti 10. Ng'ombe senti 25. Plau senti 5. Jioni mnada ukiisha, jumla ilikuwa dola chache tu. Fedha hizo akapewa mdai, na kila aliyenunua akamrudishia mwenye nyumba mali yake, akaenda zake. Inakumbukwa hasa habari ya mjane mmoja huko Nebraska, ambaye majirani walijaa katika ua wake kwa njia hiyo hiyo, wakamnunulia mifugo yake kwa senti na kumwachia mlangoni pake.

Sisi twapenda kulitafakari jambo hili kwa sababu moja. Majirani hao hawakuwa na fedha. Wao wenyewe walikuwa na madeni, na wengi wao walijua kwamba juma lijalo dalali atakuja kwao. Wasingeweza kumlipia mwenzao deni hata wangechangishana mpaka usiku. Walichotoa ni kunyamaza kwao. Kila mmoja alimwona farasi wa thamani akiuzwa kwa bei ya boksi la kiberiti, na kila mmoja alihitaji farasi, naye akafunga kinywa.

Lakini tusiwapambe kupita kiasi. Mara nyingine kamba yenye kitanzi ilining'inizwa mlangoni pa ghala, ili mgeni yeyote aliyefikiria kuongeza bei aione kwanza. Wanaume wenye mabega mapana walisimama karibu na mtu wasiyemjua na kumwambia kwamba bei iliyotajwa inatosha. Na tarehe 27 Aprili mwaka 1933, katika mji wa Le Mars, Iowa, wakulima waliingia mahakamani, wakamtaka Jaji Charles Bradley aape kwamba hatatia tena sahihi amri za kuuza mashamba. Alikataa. Wakamtoa kitini pake, wakampeleka nje ya mji, wakamtia kamba shingoni. Inasimuliwa kwamba mzee huyo alipiga magoti akamwomba Mungu awatendee watu wote haki. Hawakumwua. Walimwachia hapo njiani, amejaa vumbi na grisi, na gavana wa jimbo akatuma askari.

Je, tuseme nini? Uchungu wao ulikuwa wa kweli, na jaji naye alikuwa jirani. Mtu anayeiokoa nyumba ya mwenzake kwa kumfunga mwingine kamba ameihamisha hofu kutoka nyumba moja hadi nyingine, basi. Tena mdai si mnyama. Fedha alizokopesha mara nyingi ni akiba za walimu, za wauza mboga, za wajane wengine. Twajua hivyo sisi wenyewe ambao tu wanachama wa vyama vya akiba na mikopo: mkopo usiporudishwa, ni jasho la mtu fulani lililopotea.

Kwa hiyo lililotufundisha zaidi ni lile lililotokea jirani na hapo, katika jimbo la Minnesota, bila kelele nyingi. Mwezi Februari mwaka 1933 Gavana Floyd Olson alisimamisha minada ya mashamba na nyumba kwa amri yake, na mwezi Aprili baraza la jimbo likapitisha sheria. Sheria hiyo haikufuta deni la mtu ye yote. Ilimruhusu mwenye nyumba kwenda mahakamani kuomba aongezewe muda wa kuikomboa nyumba yake, lakini si zaidi ya tarehe 1 Mei 1935, na katika muda huo alipe kila mwezi kiasi ambacho jaji aliona ni haki.

Katika mji wa Minneapolis palikuwa na mume na mke, jina lao Blaisdell. Walikuwa na nyumba ya vyumba 14. Wao wenyewe walikaa katika vyumba 3, vingine wakavipangisha. Nyumba ilikuwa imekwisha kunadiwa mwezi Mei mwaka 1932, na mwaka mmoja waliopewa kisheria wa kuikomboa ulikuwa ukimalizika. Wakaiomba mahakama. Mahakama ikawaongezea muda, kwa sharti walipe dola 40 kila mwezi. Mdai hakukubali, alisema mkataba ni mkataba, na katiba ya nchi yakataza jimbo kuuharibu. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya nchi, na tarehe 8 Januari 1934 majaji watano wakasema sheria ni halali, majaji wanne wakasema si halali. Tazameni jinsi ilivyokuwa karibu! Nyumba nyingi sana zilisimama juu ya kura ya mtu mmoja.

Mwaka huo wa 1933 serikali kuu nayo iliunda shirika la kuchukua mikopo ya nyumba iliyokuwa imeshindikana na kuipanga upya kwa miaka mingi zaidi, na familia zipatazo milioni 1 zilisaidiwa. Hata hivyo karibu moja kati ya kila tano ilipoteza nyumba baadaye. Nao wakulima weusi wa kusini, waliolima ardhi ya wengine na kugawana mavuno, hawakuwa na hati ya kuokoa. Walifukuzwa tu, na hakuna mnada wa senti uliofanywa kwa ajili yao.

Basi, wasikilizaji, mwaweza kuuliza Maandiko yahusuje hayo yote. Yahusu sana. Fungueni kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 4. Mjane wa mmoja wa manabii anamlilia Elisha. Mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili. Elisha hampi fedha. Amwuliza ana nini nyumbani, kisha amtuma kwa majirani akaazime vyombo, vyombo vitupu, visiwe vichache. Tumehubiri juu ya mafuta yale miaka mingi, lakini ni mara chache tumehubiri juu ya vyombo. Hakuna jirani aliyeombwa mafuta. Kila mmoja aliombwa kitu kitupu alichokuwa nacho nyuma ya mlango, na kama wangesema hatuna, mafuta yangekoma katika chombo cha kwanza.

Kisha someni Nehemia, sura ya 5. Mambo hayo yalitokea yapata mwaka 445 kabla ya Kristo, wakati Yuda ilipokuwa chini ya Waajemi na mfalme wao Artashasta. Watu walikuwa wakijenga ukuta wa Yerusalemu, kazi iliyomalizika kwa siku 52. Katikati ya kazi hiyo njema kukatokea kilio, na mwandishi asema wazi kwamba wanawake nao walilia pamoja na waume zao. Wengine walikuwa na watoto wengi na hawana nafaka. Wengine wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate chakula wakati wa njaa. Wengine wamekopa fedha za kulipa kodi ya mfalme. Na waliowakopesha hawakuwa Waajemi, bali ndugu zao, waliokuwa wakiinua mawe pamoja nao katika ukuta ule ule!

Nehemia alikasirika sana. Lakini kabla hajaita mkutano, yasemwa kwamba alifanya shauri moyoni mwake. Alipokuja kunena mbele ya wakuu, hakusimama kando kama jaji. Alikiri kwamba yeye pia, na ndugu zake, na watumishi wake, walikuwa wakiwakopesha watu fedha na nafaka. Ndipo akasema tuiache riba hii, mkawarudishie leo mashamba yao na mizabibu na mizeituni na nyumba, na ile sehemu ya mia. Wakakubali. Naye, kwa kuwa aliwajua watu, akawaita makuhani akawaapisha.

Twasema hayo kwa aibu kidogo, na sasa lazima tuwaambieni kwa nini.

Siku mbili kabla ya mama yule kuja na leso yake, halmashauri ya kanisa letu ilikuwa imekutana. Kwa miaka minne tumetafuta kiwanja cha kujenga shule ya chekechea. Mzee mmoja akaleta gazeti, akatuonyesha tangazo la dalali: shamba la ekari mbili na nusu, linapakana na kanisa, litanadiwa baada ya juma mbili. Palikuwa na nambari ya shamba tu, jina hakuna. Tulifurahi. Mmoja wetu alisema Bwana amefungua mlango, nasi tukaitikia. Hatukuuliza ni shamba la nani. Linapakana na kanisa, ndugu zangu, nasi hatukuuliza.

Alipofungua leso yake, na sisi tukafungua barua zile tatu, tuliiona nambari ile.

Labda ni vema tukumbuke jinsi mambo haya yalivyoingia kwetu. Wazee wetu walijua shamba kwa mto na mti na kaburi. Mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari, ulitolewa mpango wa Roger Swynnerton, ofisa wa idara ya kilimo, wa kuunganisha vipande vya ardhi ya Waafrika, kuipima na kuiandikisha, na shabaha mojawapo ilikuwa mkulima apate hati ya kumwezesha kukopa. Sheria ya kuandikisha ardhi ikafuata mwaka 1963. Palikuwa na faida. Wengi wetu tulisomeshwa kwa mikopo ya namna hiyo. Lakini tangu hapo shamba liliweza kukunjwa, likatiwa mfukoni, likaenda mjini bila mama wa nyumbani kujua. Kwa maana jina lililoandikwa lilikuwa moja, na kwa kawaida lilikuwa la mwanamume. Sheria ya mwaka 1967 iliweka bodi za ardhi zitoe idhini kwa mashamba ya kilimo, na bodi hizo ziliokoa nyumba nyingi, ingawa sote twajua kwamba kuna mabwana waliokwenda na mke asiye mke.

Ulinzi ulio imara zaidi ulikuja baada ya katiba ya mwaka 2010. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 zasema nyumba ya ndoa isiwekwe rehani bila ridhaa ya mume na mke, na ridhaa hiyo iwe ya maandishi na ya mtu aliyeelewa. Tena mdai hawezi kuamka tu na kuuza. Hutoa notisi ya miezi isiyopungua 3. Kisha notisi ya kuuza ya siku zisizopungua 40. Naye dalali hutoa yake ya siku 45. Na nyumba ikiuzwa chini ya bei ya haki ya soko kwa robo au zaidi, mahakama yaweza kumtaka mdai ajieleze. Twayataja haya kwa sababu kila mojawapo huja kwa barua, na barua zile tatu za leso zilikuwa ndizo hizo hasa. Kila moja ilikuwa na siku za rehema ndani yake, nazo zilikwisha moja moja kabatini.

Zilibaki siku 11. Binti mmoja wa kwaya, ambaye ni wakili, alizisoma zote usiku ule ule na kumwandikia mkopeshaji. Jamaa mwingine, karani mstaafu, alikwenda na mama mpaka ofisini mara tatu, akakaa naye kwenye benchi. Mkopeshaji, tuseme kweli, hakuwa mtu mgumu. Alikuwa ameandika barua tano na hakuna aliyemjibu. Alikubali kuusimamisha mnada ikiwa theluthi ya malimbikizo italipwa na mengine yapangwe kwa miezi.

Halmashauri ikakutana tena. Palitokea ubishi mkali. Wengine walitaka tutumie fedha za shule ya chekechea. Wengine wakasema, na walisema haki, kwamba fedha hizo zilitolewa na watu kwa kazi nyingine na si zetu kuzigeuza. Mzee mmoja aliuliza: tusiponunua sisi, je, hatanunua mgeni? Swali hilo halikuwa jepesi. Mwishowe tuliamua jambo moja tu, kwamba kanisa halitapeleka bei, wala mtu ye yote wa halmashauri hatapeleka kwa jina lake au la mkwewe. Tuliandika hivyo katika kumbukumbu na tukatia sahihi mmoja mmoja. Mzee aliyeleta gazeti alitia sahihi wa kwanza. Zile fedha za theluthi zilitoka katika mchango wa Jumapili mbili, katika chama cha akina mama, na katika nusu ekari aliyoikodi jirani kwa nyasi za ng'ombe wake, akalipa mwaka mzima mbele.

Shule ya chekechea bado haina kiwanja. Watoto husomea chini ya turubai, na mvua zikinyesha huingizwa kanisani.

Mwezi uliopita tulipita kumwona mama. Amebakiza malipo ya miezi 18. Alitukaribisha chai, akaomba radhi kwamba meza imejaa makaratasi. Barua ya mkopeshaji ilikuwa hapo mezani, imefunguliwa, na juu yake ameweka miwani yake.